Mashine Ishirini za Lwangube

Jumatatu ya pili ya Julai, saa mbili na robo asubuhi, Mwalimu Aika alikuwa anafuta ukungu kwenye vioo vya maabara ya kompyuta ya Shule ya Sekondari Lwangube, upande wa Lufingo. Maabara hiyo ilikuwa na meza ishirini zilizochongwa kwa michango ya wazazi, soketi ishirini, nondo madirishani na mlango wa chuma. Kompyuta ilikuwa moja. Nayo ilikuwa laptopu yake mwenyewe, aliyoinunua Moshi kabla hajapangiwa kazi Rungwe.

Kompyuta nyingine ishirini zilikuwa zimeshafika kwenye karatasi. Mkuu wa Shule, Mwalimu Anyitike, alikuwa na nakala ya hati ya makabidhiano: kompyuta ishirini, mpya, zote nzima, zimekabidhiwa na afisa vifaa, Bwana Prosper, kwa niaba ya ofisi ambayo jina lake tuliache lipumzike. Mahali pa sahihi ya mpokeaji palikuwa wazi. Anyitike alikuwa ameandika barua tano kuulizia, na hazikujibiwa. Wapo watu wanaomeza dawa za presha. Yeye, moyo ukimwenda mbio, alifungua faili, akaisoma ile hati, akaifunga.

Mwaka huo jambo lilikuwa limefika shingoni. Wanafunzi ishirini wa kidato cha nne walikuwa wamesajiliwa kufanya mtihani wa kompyuta, na mtihani wa vitendo unataka kila mtahiniwa awe na mashine yake. Septemba angekuja mtu kuhesabu. Ikipungua hata moja, somo lingefutwa kwa wote. Miongoni mwao alikuwemo Tulia, binti wa Tusekile, mpishi wa shule. Chuo alichokichagua Mbeya kisingempokea bila somo hilo. Kwa miaka mitatu Aika alikuwa amewafundisha kuchapa juu ya kibodi iliyochorwa kwenye karatasi ya manila, na Tulia alikuwa anachapa haraka kuliko wote, bila sauti yoyote.

Jumamosi iliyotangulia Aika alishuka Tukuyu mjini, kwenye duka la kutolea nakala lenye intaneti nzuri, akapakua faili moja kubwa kwenye flashi. Mtu asiyemjua, katika nchi ambayo haikutajwa, alikuwa ameusimika mfumo endeshi wa Linux, akaupanga, akaujaribu, kisha akaufunga wote ndani ya faili hilo kwa ajili ya yeyote anayeuhitaji. Ukilikabidhi faili kwa programu yake, linaamka ndani ya kompyuta yako na kuwa kompyuta nyingine kamili. Ndiyo wanayoiita mashine pepe. Jina la kuingilia limeshawekwa na nywila imeandikwa pembeni. Ni kama kuletewa chakula kimeiva, kimefunikwa; kazi yako ni kunawa. Bei mtu huyo hakuiweka. Aika aliposoma hivyo pale dukani alishukuru mpaka akaona haya, maana hakuwa na wa kumshukuru zaidi ya mwenye duka.

Alikuwa amepiga hesabu kwamba laptopu yake ingebeba mashine pepe tatu, na ya nne ingeizimisha. Watoto wangepokezana. Basi asubuhi hiyo ya Jumatatu, baada ya kufuta vioo na kuwaingiza wanafunzi wake, aliwasha ya kwanza. Ikaamka kwenye laptopu, na papo hapo ikaamka pia juu ya meza ya kwanza: kioo, kibodi na kipanya, vya rangi ya kijivu, vikiwa na vuguvugu kidogo.

Tulia alikaa, akasogeza kiti.

"Madam, nywila ni ipi?"

Aika alimtajia. Akawasha ya pili, nayo ikatokea meza ya pili. Alipofika ya nne alisita, akajipa moyo, akaiwasha, na laptopu haikulalamika. Kengele ya uji ilipogonga, meza zote ishirini zilikuwa na mashine, na laptopu ilikuwa bado ina nafasi. Aliandika ubaoni: Somo la Kwanza.

Mashine hizo zilikuwa na tabia zake. Hazikuwa na waya. Hazikuwa na kivuli. Zilikuwa nyepesi kiasi kwamba mtu aliweza kuinua moja kwa vidole viwili. Umeme ulipokatika, na kule hukatika kila mvua inapokohoa, ziliendelea ilimradi betri ya laptopu ina chaji. Aika alipofunga laptopu jioni ziliondoka zote, na alipoifungua kesho yake zilirudi, kila moja na sentensi iliyoachwa nusu. Mlinzi wa shule, Hezekia, alikuwa amedai kufuli la pili tangu Mei. Sasa alilifuta ombi lake.

"Kitu kisicholala hapa hakiibwi," alisema.

Alhamisi ya wiki hiyo Tusekile alitoka jikoni na kuja mpaka mlangoni, bado ameshika mwiko. Alimtazama bintiye akichapa kwa muda mrefu, na safari hii alisikia vitufe vikilia. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la kitenge.

"Mwalimu, aliyewapikia haya yote ni nani?"

"Simjui, mama Tulia. Yuko mbali."

"Na chombo chake mmekirudisha na nini?"

Aika alimweleza kwamba faili la namna hii halirudishwi. Tusekile alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akamwangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyenawa mkono mmoja.

"Hapana, mwalimu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Watatusema."

Ijumaa hiyo alileta mkungu wa ndizi na ndoo ndogo ya maharage, akaviweka chini ya meza ya kwanza. Aika akafunga laptopu. Mashine zikaondoka, na ndizi na maharage vikaondoka pamoja nazo. Ijumaa iliyofuata mzazi mmoja kutoka Kinyala alileta maparachichi, na mwingine majani ya chai ndani ya mfuko wa khaki. Hakuna aliyeagizwa. Wazazi walipanga zamu wenyewe, kama wanavyopanga zamu za msibani, na kila Jumatatu chini ya meza palikuwa peupe.

Wiki ya tano, mashine zilipoamka, chini ya sehemu ya kuandika nywila palikuwa na neno ambalo halikuwepo mwanzo: Ndaga. Tulia alikwenda jikoni kumwambia mama yake.

"Amesema asante? Kwa Kinyakyusa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi amelelewa vizuri," alisema Tusekile, akaendelea kusonga ugali.

Septemba mwenye kuhesabu akaja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Lakini hawakumwona huyu. Alikuwa Bwana Prosper mwenyewe, na kitabu chake cha jalada gumu. Anyitike alimpokea kwenye ngazi akiwa na faili lake kwapani. Kwa miaka miwili alikuwa amejiandaa kumwonyesha hati ile yeyote atakayekuja, na maneno ya kusema aliyajua kwa moyo.

Prosper alipita kati ya meza akihesabu kwa kalamu. Watoto waliendelea kuchapa. Alifika ishirini, akarudia, zikawa ishirini tena.

"Zinafanya kazi?"

"Zinafanya," alisema Aika.

Aliinua moja kwa vidole viwili. Alichungulia chini yake, pasipokuwa na kivuli, akairudisha taratibu.

"Nyepesi. Ndizo za kisasa," alisema.

Kisha alifungua kitabu kwenye ukurasa wa Lwangube, pale penye nafasi ya mpokeaji, akaweka kalamu katikati.

"Mkuu, tumalizie hapa."

"Hizi sizo mlizoleta," alisema Anyitike. "Hamkuleta kitu."

Prosper hakukasirika. Alikuwa na sauti ya upole, na ndiyo iliyomfikisha alipo.

"Mzee wangu, mimi nina mstari mmoja tu wa kujaza. Kama ni hizi, zipo, na watoto wafanye mtihani. Kama sizo, basi hapa hakuna kompyuta, na nitaandika hakuna. Chagua wewe."

Vitufe vikanyamaza. Watoto ishirini walikuwa wanamtazama Mkuu wao, na Tulia alikuwa ameviacha vidole vyake juu ya kibodi kama mtu aliyeambiwa asimame hapohapo.

Anyitike aliuliza, "Nikisaini, mtihani upo?"

"Upo."

Akasaini. Akaandika na tarehe, kwa mwandiko mzuri, maana aliwahi kufundisha mwandiko. Faili lilibaki kwapani bila kufunguliwa. Prosper alishukuru kwa ushirikiano, akakataa chai, akaondoka kabla mvua haijaanza.

Watoto walifanya mtihani. Siku ya vitendo umeme ulikatika mara mbili na hakuna aliyeinua kichwa. Matokeo yalipotoka, wote ishirini walikuwa wamefaulu somo hilo, na Tulia alikuwa wa kwanza. Alipokwenda chuoni Mbeya mama yake alimsindikiza hadi stendi ya Tukuyu, akaimba wimbo wa kanisani mbele ya watu bila kujali, kisha akarudi akamkumbatia Aika jikoni mpaka maharage yakaanza kuungua. Aika alilia pia. Kwa muda mrefu hakuwa amefurahi namna hiyo, na alimwombea kheri yule mtu wa mbali, kwa jina la kuingilia, kwa kuwa lingine hakulijua.

Mwezi wa tatu ikaja barua, na safari hii haikuombwa. Ilieleza kwamba, kwa kuwa Shule ya Sekondari Lwangube imethibitisha kwa sahihi kupokea kompyuta ishirini, jina lake limeondolewa kwenye orodha ya shule zinazosubiri vifaa, na suala lake limefungwa. Shule iliombwa kujibu ndani ya siku saba. Zile nyingine ishirini, za kwenye hati, hazikutajwa, na mpaka leo hakuna aliyeziona.

Anyitike aliisoma kwa sauti katika chumba cha walimu, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akachukua karatasi. Aliandika mstari mmoja: Tunashukuru kwa moyo wote kwa kompyuta ishirini.

Aika aliusoma juu ya bega lake.

"Mkuu, utaipeleka hivyo hivyo? Kwa Prosper?"

"Shukrani ni ya kweli, mwalimu," alisema Anyitike. "Anwani tu ndiyo siyo yenyewe."

Akafunga bahasha, akampa Hezekia aipeleke posta.