Miji Niliyoitoa Sokoni Busan

Jirani yetu Mama Tweve, anayeuza mitumba pale Njombe mjini, anaapa kwamba siku moja alijilaza juu ya belo la nguo za Korea kabla hajalikata kamba, usingizi ukamchukua, akajikuta yuko sokoni Busan, huko huko Korea, anakula. Anasema aliamka anatafuna. Watu wakamcheka, mmoja akamwambia, mama wewe ulitafuna belo, naye akajibu, chekeni tu, nguo inajua njia ya kwao, ukiilalia inakurudisha. Mimi sikucheka, kwa sababu kwake ndiko nilikonunua koti la kijivu ambalo mama yangu alijifunika mwezi wa sita wote, alipougua kichomi na baridi ya kijijini kwetu Lugenge ikawa inapenya hadi kwenye mablanketi. Mama amepona. Na kwenye mfuko wa ndani wa koti tulikuta miwani ya kusomea, imefungwa kwenye kitambaa chekundu. Kila siku mama ananiambia, Yusta, mwenye miwani hii huko aliko anapapasa tu, na sisi hata asante hatujampa.

Basi leo mchana manyunyu yanashuka, mama amekaa karibu na jiko, mimi naiweka miwani mfukoni, nalivaa koti, najilaza. Mkono unaingia kwenye mkono wa koti na hautokei upande wa pili, naufuata, bega, kichwa, naingia mzima, ndani ni giza la pamba na harufu ya dawa ya nondo, naenda, naenda, halafu natokea barabarani mchana kweupe. Ni soko. Njia moja inazaa njia mbili na kila moja inazaa nyingine, na zote zina miavuli mikubwa myekundu na kina mama wenye glavu za mpira nyuma ya mabeseni. Pweza anapanda ukingo wa beseni, mwenye beseni anamrudisha bila kumtazama, kama unavyomrudisha mtoto kwenye shuka. Mwani mweusi umepangwa kama madaftari, pilipili iliyosagwa imekuwa kilima, kabichi inapakwa pilipili jani kwa jani. Nikipita penye sufuria mpya najiona kwenye zote, Yusta mia moja, na wote wanachelewa kidogo kugeuka. Ila watu hawana sura. Chini ya kofia kuna mvuke tu, kama wa chungu cha viazi.

Mwanamke mmoja wa mvuke ananishika kiwiko. Karibu mgeni, ananiambia kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, unatafuta nini? Shikamoo dada, namtafuta mwenye koti hili, nimrudishie miwani yake na nimshukuru. Nitakufikisha, anasema, lakini huku njia zinafunguka kwa vitendawili. Kitendawili! Nami kwa mazoea, hata sijafikiri, tega! Anawapa wengine joto, mwenyewe ana baridi. Nafikiria jua, nafikiria moto, nimeshindwa. Nipe mji, anasema. Nacheka, maana ndivyo tulivyocheza shuleni, unatoa mji wowote na hakuna anayepungukiwa. Nakupa Makambako. Nilikwenda Makambako, anasema, wakanipokea vizuri, wakaniambia jibu ni koti, nawe umelivaa. Hapo hapo, kwenye dimbwi miguuni petu, Makambako inatokea kichwa chini, na malori yake na vitunguu vyake, inazama. Natafuta kichwani njia ya kwenda Makambako, nakuta ukungu.

Tunatembea, mtaa unajikunja, tunapita tena kwa pweza yule yule. Kitendawili. Tega, nasema, sasa kwa sauti ndogo. Wapita njia wote wanaondoka nacho, na muuzaji hapungukiwi. Nina haraka ya kufika, mdomo unatangulia, nimeshindwa, nakupa Njombe mjini. Jibu ni harufu, mdogo wangu, hiyo inayokujaza mate. Njombe inateremka dimbwini na stendi yake na kibanda cha Mama Tweve, na ninapotaka kulikumbuka jina la barabara, halipo.

Kitendawili. Tega. Ukikiomba si chenyewe, ukikinunua si chenyewe, ukikipata kesho unarudi. Haya, nipe mji twende, mwenye koti yuko karibu kufunga. Mimi nimebakiwa na Lugenge peke yake, na ndani ya Lugenge kuna jiko, na kando ya jiko kuna mama. Lugenge si mji, namwambia, ni kijiji. Huku hatubagui, ananijibu. Nasimama, nageukia mabeseni. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini kusubiri najua. Mbona hujibu? Natazama, dada. Natazama bibi mmoja anayeuza mchuzi wa samaki, anajaza kikombe cha karatasi, mteja anapokea, anageuka kuondoka, bibi anamwita arudi, anamwongezea upawa mmoja. Nakumbuka Mama Tweve alivyonitupia soksi juu ya koti wakati naondoka, wala sikumwomba. Nyongeza! nasema. Ni nyongeza! Mvuke wote unatikisika kwa kicheko. Umepata. Na hii miji yako miwili, chukua. Ya nini tena, si niliitoa? Nyongeza, anasema, halafu ananisukuma taratibu kwa yule bibi.

Bibi anautafuta upawa wake kwa vidole. Nampa miwani kwa mikono miwili, anapokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa nyumbani. Anaivaa, na ghafla soko zima lina sura, mashavu, makunyanzi, meno, mwenye pweza anapiga miayo. Bibi anashika upindo wa koti langu, anaugeuza, ananionyesha uzi wa bluu. Hapa nilishona mwenyewe, anasema, wa kijivu uliniishia. Limemfaa nani? Mama yangu, bibi, alikuwa na kichomi, na amepona, amepona kabisa, asante, asante sana. Ananichotea mchuzi, anaongeza, anaongeza tena, huu sasa wa mama yako. Kikombe kinanichoma viganja na sitaki kukiachia. Bibi, namwambia, mama anataka kukuombea na hajui ataje nani. Jina lako nani? Anafungua mdomo.

Yusta! Ni mama. Unaongea na nani? Niko kitandani, manyunyu bado yanashuka. Napapasa mfuko, kitambaa chekundu kipo, kimekunjwa vizuri, ndani hamna kitu. Mama, miwani iko wapi? Miwani gani? anasema, huku anakunywa chai, anasita, anaitazama kikombeni. Mwanangu, chai hii umetia nini, mbona ina ladha ya samaki? Naikumbuka Makambako haraka haraka, ipo, ila mizani ya kupimia malori iko kushoto mwa barabara, na siwezi kuapa kama ndiko ilikokuwa. Dirishani unapita mwavuli mwekundu, labda wa jirani. Napandisha kola ya koti mpaka mdomoni, viganja bado vina moto, naongea taratibu ili nisimshtue mama.

Bibi, jina lako nani?