Miaka Kumi na Moja Bila Kudai

Wanafunzi wake walimbandika mwalimu wa hesabu jina la Asilimia, na jina likamkaa. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza itanyesha kwa asilimia ngapi. Mke wake alikuwa mkunga wa zahanati, mwanamke wa maneno machache na mikono mepesi, na kwa miaka mingi alimcheka mumewe kwa mapenzi. Haya ni ya huyo mkunga, na kicheko hakimo sana.

Alichojivunia Asilimia kuliko vyeti vyake ni punguzo la bima. Kila mwaka unaopita bila mteja kudai fidia, kampuni humpunguzia ada kidogo, na yeye alikuwa amefikisha miaka kumi na moja, na punguzo limefika nusu ya bei, ambayo ndiyo kikomo. Jirani alipokwangua mlango wa gari lao la kijivu, Asilimia alinunua kopo la rangi akapaka mwenyewe, na mlango ukawa na kiraka kama suruali ya mtoto mtundu. "Ukidai mara moja tu," alizoea kusema mezani, "unarudi sifuri." Barua ya kampuni iliyothibitisha usafi wake aliitia kwenye plastiki, akaiweka pamoja na cheti cha ndoa.

Kisha mkunga akahamishiwa zahanati ya upande wa pili wa mji, zamu zikawa za usiku, wakalazimika kununua gari la pili. Lilikuwa dogo, jeupe, limetumika, lakini injini nzima. Wakaenda kwa wakala wa bima, mama mcheshi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani.

"Punguzo ni la gari moja, mwalimu," wakala alisema. "La pili huanza upya. Ila kampuni ina mpango wa familia. Gari la pili litapata punguzo hilo hilo kama mwenye gari ni wewe na dereva mkuu ni wewe. Sasa niambie, nani ataliendesha zaidi?"

"Mimi," Asilimia alijibu bila kupepesa.

"Na mama hapa?"

"Mara moja moja. Sokoni."

Mkunga alitazama viatu vyake. Ufunguo wa gari jeupe ulikuwa kwenye mkoba wake mwenyewe. Angeweza kusema. Akajiambia ni neno moja tu kwenye karatasi, na neno halijawahi kumvunja mtu mfupa. Watu wazima na akili zetu hujidanganya hivyo mchana kweupe, tena tukiwa tumevaa vizuri.

Miezi minne ilipita salama. Asubuhi moja, akitoka zamu, jua likimpiga usoni, alikata kona ya kiwanda cha mbao na hakumwona mwendesha baiskeli mpaka alipomsikia. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa makamo, amefunga jora la kitambaa nyuma ya kiti. Mguu wake wa kulia ulibanwa kati ya pedali na bampa. Mkunga alishuka akapiga magoti kwenye vumbi, na yule fundi, damu ikimtiririka hadi kwenye kiatu, akamwuliza, "Dada, sijakuchubulia gari?"

Alimpeleka kwenye zahanati yake, akamsafisha, akamshona. Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa wa muundi, wa kuhitaji jicho zuri kuuona. Ndipo akampigia mumewe, naye akaja mbio, vumbi la chaki bado kwenye mikono ya shati.

"Umewapigia bima?" alimwuliza pembeni, kwenye korido.

"Bado."

"Usipige. Dereva mkuu ni mimi, na saa mbili hii nilikuwa darasani mbele ya watoto arobaini. Wakichunguza, tumekwisha. Na hata wasipochunguza, punguzo la magari yote mawili linakwenda na maji."

"Baba watoto, mfupa una ufa."

"Wewe si ndiye unayeshona watu kila siku? Utamhudumia mwenyewe, nyumbani kwake. Niambie, kuna daktari wa bima atakayemfuata mtu kitandani kila asubuhi? Nani atamwangalia kuliko wewe?"

Hapo alimpatia. Angemtisha, angekataa, lakini alimsifia kazi yake, na kazi ndicho kitu pekee ambacho mkunga alijivunia. Wakarudi kwa fundi, na Asilimia akamweleza kwa upole, kama anavyowaeleza watoto wazito wa hesabu, kwamba bima yao ni ndogo, haifiki kwa watu wa baiskeli, lakini wao hawatamtupa. Mkunga alisikia kila neno, akaendelea kukunja bandeji.

Fundi na mkewe waliishi chumba kimoja, cherehani dirishani, nguo za watu zimening'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Mkunga alikuja kila siku baada ya zamu. Alifungua kidonda, akasafisha, akafunga, akaacha dawa na chochote alichonunua njiani. Mke wa fundi alimwekea kigoda na beseni la maji ya moto kabla hajabisha hodi. Fundi naye alimtangaza mtaa mzima. "Wengine wanagonga na kukimbia," aliwaambia waliokuja kumjulia hali. "Huyu kila siku anakuja kunipigia magoti. Utu haununuliwi." Mkunga aliinamia mguu ili asionekane uso. Sifa zile zilimchoma kuliko matusi.

Wiki ya tatu akaisikia harufu. Alikuwa na miaka ishirini katika kazi hiyo, hakuhitaji kuambiwa. Alikamua, akabadilisha dawa, akasema "kinaendelea vizuri," na jioni hiyo akamfuata mumewe.

"Aende hospitali kubwa," alimwambia mumewe. "Kwa daktari wa mifupa. Leo."

"Kwa bima ipi?" Asilimia alikuwa anasahihisha madaftari, na kalamu haikusimama. "Muda wa kuripoti ni siku kumi na nne. Umepita. Tukisema sasa, hawalipi, na bado wanatufuta. Ongeza dozi. Mpe wiki moja."

Alimpa wiki moja. Hilo ndilo jambo ambalo mkunga hakuweza kujisamehe baadaye, hata alipojaribu kumtupia mumewe mzigo wote. Mumewe alijua asilimia. Yeye alijua usaha. Aliogopa daktari mwenzake kumwuliza nani alikuwa anamhudumia, na aibu ikamzidi nguvu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, lakini methali haijamtaja anayeuona ufa kila siku na kuufunga bandeji safi juu yake.

Wiki ya tano fundi alianza kutetemeka kwa homa na kumwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Mkunga hakumwuliza tena mtu. Alimlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari lile lile jeupe, akampeleka hospitali kubwa. Daktari wa mifupa alikuwa kijana wa kutosha kuwa mdogo wake wa mwisho. Aliangalia mguu, akaangalia picha, akauliza swali lile lile lililoogopwa.

"Mimi," mkunga alisema.

"Ningempata wiki ya pili, dada yangu," daktari alisema taratibu, kisha akaenda kunawa mikono. Walikata chini kidogo ya goti.

Siku ya pili mkunga alikwenda peke yake kwa wakala, akasema yote tangu neno "mimi" la mumewe. Wakala alivaa miwani, akaisoma fomu, akaivua. Ucheshi ulikuwa umemtoka.

"Sasa nitaandika barua, lakini watakataa. Wiki tano, dada! Mngekuja siku ile ile na ukweli wenu, wangewafutia punguzo, wangewaongezea ada, mngenuna mwaka mmoja, basi. Fundi wangemlipia. Hospitali, upasuaji, kila kitu. Fomu mlidanganya nyinyi, yeye alikuwa njiani tu na baiskeli yake."

Mkunga alimshukuru. Hakujua anamshukuru kwa lipi.

Fundi aliporudi nyumbani, mkunga aliendelea kuja. Hakuna aliyemwambia aache. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na kamba za nguo zilikuwa tupu. Wateja walikwishachukua vitambaa vyao wakapeleka kwingine. Mke wa fundi hakuweka tena kigoda, ingawa maji ya moto aliyaweka. Siku hiyo alikuwa amesimama mlangoni na kinyongo usoni, na mumewe akakiona.

"Usimkasirikie dada," fundi alisema. "Wangekuwa na uwezo, si wangenipeleka hospitali kubwa tangu mwanzo? Walifanya walichoweza. Au siyo, dada?"

Alimtazama mkunga akimngoja aitikie. Lilikuwa jambo jepesi. Kuitikia tu, na mtu huyu angeendelea kumpenda mpaka kufa.

"Siyo, fundi," mkunga alisema. "Bima ilikuwepo. Ingekulipia tangu siku ya kwanza."

Mke wa fundi alishika mlango. Fundi alikunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeambiwa kipimo kisichoingia kwenye kitambaa.

"Sasa kwa nini?"

"Tungepoteza punguzo."

"Punguzo la nini?"

Akamweleza. Alimweleza miaka kumi na moja, na nusu ya bei, na fomu, na dereva mkuu. Kila alivyoeleza, lilizidi kuwa dogo, mpaka likawa kitu cha kuona aibu kukitamka ndani ya chumba kile. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika bandeji.

Fundi aliutazama mguu uliobaki. Aliposema, sauti yake haikupanda.

"Mngeniambia, dada. Ningewashonea. Sare za watoto, suruali za mwalimu, mwaka hadi mwaka, bila malipo, mpaka punguzo lenu lirudi. Mimi si mtu wa kushindwa kushona."

 Mkunga akapiga magoti kama kila siku, akanyoosha mkono kufungua kidonda. Mke wa fundi alikuja, akaichukua bandeji kutoka mikononi mwake, akapiga magoti mahali pake.

"Nimeona unavyofanya," alisema bila kumtazama. "Nitamfunga mwenyewe."