Ngazi za Ofisi ya Walemavu

Miaka thelathini na moja Bi Pasi alinyoosha mashuka ya hospitali, amesimama kwa mguu mmoja. Ule wa kushoto, uliopooza tangu utotoni, aliuegemeza kwenye kigoda. Ajira ya kudumu aliikosa mwanzoni kabisa: daktari wa kazini alimwamuru apande ngazi, akapanda kwa kushika ukuta, basi akaandikiwa "hafai". Akabaki kibarua, mkataba wa miezi mitatu mitatu, mpaka akaota mvi. Bwana mmoja wa meza ya pili ya pasi, mvivu wa kutupwa aliyeunguza mashuka kila wiki lakini mwajiriwa wa kudumu, sasa anakula pensheni yake kwa raha zake.

Tumaini lililobaki lilikuwa pensheni ya wazee walemavu. Ofisi yenyewe iko ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Aliyepanga hivyo sijui akili alimwachia nani.

"Shangazi, tuwaombe washuke," alisema binti wa kaka yake.

"Nimeomba mara tatu. Wanataka nifike mwenyewe, nitie alama ya kidole."

Akapiga moyo konde, akaketi kwenye ngazi ya kwanza na kupanda kinyumenyume kwa makalio. Gauni lake alilolipiga pasi asubuhi likafagia makohozi na maganda ya karanga. Wenye miguu yao miwili walimruka wakaenda zao.

Karani alimpokea kwa maji ya kunywa na tabasamu pana.

"Hongera, mama! Umepanda peke yako?"

"Peke yangu. Hata huyu binti sikumruhusu anishike."

Karani akaandika. Binti akachungulia fomu, akasoma kwa sauti: "Anajimudu. Amepanda ghorofa tatu bila msaada. Hastahili."

"Si nyinyi mliomwambia apande?"

"Ndio utaratibu, dada. Walemavu hasa huletwa wamebebwa."

Bi Pasi akatoa mkobani karatasi ya daktari, imekunjwa ndani ya nailoni tangu ujana wake. Hafai, hawezi ngazi. Karani akaisoma, akairudisha.

"Hii ya zamani, mama. Huenda ulipona."

Mwanamke aliyenyoosha mashuka ya watu maisha yake yote akatema mate sakafuni, karibu kabisa na viatu vya karani vilivyong'aa.

"Na hayo yaandike," akasema, akarudi ngazini, akaketi aanze kushuka.