Siku Tuliyolipokonya Jua

Mchungaji wetu mpya nilimlea mwenyewe kwenye kwaya, tangu sauti yake haijavunjika. Jumapili ile akasimama madhabahuni na kutangaza kwamba mwaka huu hakuna Krismasi. Tarehe ishirini na tano haimo kwenye Biblia, alisema, ni sikukuu ya wapagani walioabudu jua. Kanisa litafungwa, na atakayeimba siku hiyo ajihesabu ametoka kwaya. Alisema hayo akinitazama mimi, mwalimu wa kwaya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini huyu sijui alikulia wapi.

Nilifika nyumbani nimefura. Binti yangu, anayefundisha historia, alikuwa mezani anasahihisha mitihani. Nilitaka aniambie tu kwamba mchungaji ni mwongo.

"Hajadanganya, mama," akasema. "Siku ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Tarehe hiyo tunaikuta Roma, karne ya nne. Hilo la jua, wataalamu bado wanabishana."

"Kwani wewe uko upande gani?"

"Wa ukweli. Ngoja nikupe na mwingine. Zamani bunge la nchi moja ya baridi liliipiga Krismasi marufuku. Wachamungu wenyewe ndio waliochochea. Maduka yakaamriwa yafunguliwe, ionekane siku ya kawaida."

"Ikawaje?"

"Watu wakagoma. Waliothubutu kufungua walimwagiwa bidhaa zao barabarani."

"Nani alishinda?"

"Si ndiyo hii unayoigombania?"

Nilicheka, lakini niliogopa, siwezi kuficha. Tangu nifiwe na mume wangu, kwaya ndiyo iliyokuwa inanitoa kitandani. Nikiipoteza, sijui ningeamkia nini.

Asubuhi ya Krismasi wanakwaya tulikutana nje ya lango la kanisa, majoho mwilini. Mchungaji akatoka na kufuli mkononi.

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini siku hii ilikuwa ya jua."

"Kama ilikuwa yake, basi tulilipokonya, na haturudishi. Likiitaka, lije lidai lenyewe."

Waimbaji wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Ukianzisha wimbo, kwaya si yako tena."

Nikavua joho, nikalikunja, nikampa. Kisha nikaanza kuimba peke yangu, ubeti wa kwanza mzima, na nyuma yangu kimya. Nikajua wameniachia msala.

Wa kwanza kusogea alikuwa mama yake mchungaji, wa sauti ya pili. Akavua joho lake, akamtupia mwanawe begani, akaupokea wimbo. Akafuata mwingine, na mwingine, kila mmoja anavua, anamkabidhi, anaimba. Mchungaji akabaki amekumbatia majoho mpaka kidevuni, kufuli limemponyoka, na hakuna hata mtu mmoja aliyebaki wa kumfukuza.