Mama High

Siku aliyoletwa mtaa wa Bulla Pesa kama bibi harusi, Khadijo aliwaambia wageni kwa Kiingereza kwamba mumewe ni "high". Alitaka kusema mrefu. Wifi yake, Kowsar, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtu mrefu ni 'tall'! 'High' ni mtu amelewa!" Tangu hapo akamwita Mama High, hata sokoni mbele ya watu. Khadijo akaliweka jina hilo kiporo.

Juzi mchumba wa Kowsar alikuja kujitambulisha kwa wazee. Mfupi, macho mekundu, shavu limejaa miraa, akatoa salaam aleikum kwa kabati.

"Wifi, mchumba wako ni high," Khadijo akasema, wazee wote wakisikia. "Na leo sijakosea."