Neno "Kila" na Bunduki ya Ombasha

Asubuhi ya Jumatatu, mpunga ukiwa umeanza kuinamisha vichwa, karani Dionisi alichuchumaa chini ya banda la nyasi karibu na kivuko cha Ifakara, akipuliza makaa. Chuma cha chapa kilikuwa motoni. Mbele yake walipanga foleni wenye magobori, kuanzia kivulini hadi kule maji ya mto yalikopanda. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa iliyofuata ilikuwa inaelekea kwisha, na serikali ya Wadachi ilikuwa imetunga sheria.

Sheria yenyewe ilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza kilisema kila bunduki iliyomo bondeni ipigwe chapa. Cha pili kilisema haki ya mwenye bunduki iheshimiwe. Dionisi ndiye aliyeitia katika Kiswahili, na tangu hapo aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza. Alikuwa Mndamba wa hapohapo, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyefundishwa kusoma na mapadri. Alivaa tarbushi nyekundu na viatu viwili vya mguu wa kushoto alivyopewa bomani. Watu walipomtazama, aliamini wanamheshimu. Miaka mingi baadaye, akisimulia habari hii, alikiri mwenyewe kwamba walikuwa wakitazama viatu.

Gobori la kwanza lilikuwa la mzee Marselino. Chuma kilipogusa kitako, moshi ukafuka, na gobori likakohoa kidogo, likasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua, "Nguruwe tisa, swala sheshe wawili, na mbuzi wa jirani."

Mzee Marselino alikuwa amesema siku zote kwamba mbuzi yule alichukuliwa na chui. Jirani alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Wakakubaliana kuku wanne, na Dionisi akaandika maneno ya gobori kando ya namba yake. Walio nyuma walinung'unika tu kwamba kazi sasa itachelewa, maana kila gobori litataka kusema.

Na kweli yalisema. Mengi yalitaja nguruwe, nyani na viboko. La Fridolin, mwindaji aliyevuma kwa tembo hadi Mahenge, lilinyamaza kwanza, kisha likasema, "Kanga mmoja." Likafikiri, likaongeza, "Alikuwa mgonjwa." Fridolin akalichukua, akaenda zake kwa njia ya nyuma.

Adhuhuri akafika Kandida, mjane wa makamo, amebeba gobori la marehemu mumewe Valeriani. Askari aliyelinda banda, ombasha Farajala, akasema mwanamke hana bunduki. Dionisi akamsomea kifungu cha pili polepole, akamweleza kwamba "mwenye" ni mwenye tu, awe mume au mke. Alifurahi sana kulisema hilo. Kandida hakuonyesha furaha yoyote. Alisema nguruwe wameshaingia shambani mwake mara tatu, na kama mpunga huu utaliwa, hana mwingine.

Gobori lake likapigwa chapa. Likasema, "Nguruwe ishirini na mmoja, kiboko mmoja, kidole cha mguu cha Valeriani."

"Cha kushoto," Kandida alikubali. Kisha akauliza, "Karani, umesema kila bunduki?"

"Kila bunduki, mama."

Kandida akainua kidevu kumwelekea ombasha. "Na ile?"

Mtu mwenye akili angesema moto umezimika. Dionisi alikuwa na akili, lakini siku ile ilikuwa imefunikwa na tarbushi. Lile neno "kila" lilikuwa limemgharimu alasiri nzima. Alikuwa amejaribu "zote" na "yoyote" akayaacha. Hakutaka kuona kazi yake nzuri ikitobolewa mbele za watu. Akamgeukia ombasha, akamwonyesha karatasi, akaomba bunduki. Farajala hakuogopa mikuki, lakini karatasi yenye muhuri aliiogopa. Akaitoa, ikapigwa chapa.

Ilikuwa bunduki nzuri ya serikali, na sauti yake ilikuwa safi kama ya msomaji wa kanisani. "Ngwila wa Mkula, akikimbia," ilisema. "Mama yake Ngwila, ameketi. Mzee wa nyumba ya pili, akitoka ndani." Haikukohoa wala haikupumzika. Kufika alasiri ilikuwa bado haijatoka Mkula. Watu wakakaa kwenye nyasi. Aliyesikia mtu wake alisimama, akasema, "Ni wetu," akakaa tena. Ombasha naye alikaa, akasafisha kucha kwa kijiti. Mara moja tu aliisahihisha, kwamba wa Kiberege walikuwa sita, si watano.

Jumanne asubuhi ilifika Ifakara. "Valeriani," ilisema. "Kivukoni. Mikono juu."

Kandida akasimama. "Ni wangu," alisema. Hakukaa tena. Alimwendea Dionisi.

Ikumbukwe kwamba wakati wa vita Dionisi ndiye aliyeshika kitabu cha vifo. Siku moja ombasha alikuja na jina la Valeriani, akasema ameliwa na mamba. Dionisi hakuuliza neno. Aliandika, akaona sentensi ni fupi, akaongeza "mkubwa."

"Ulimwona huyo mamba?" Kandida aliuliza.

"Hapana, mama."

"Lakini uliandika alikuwa mkubwa."

"Ndiyo, mama."

Kandida akatazama mtoni. "Nimewalaani mamba bure miaka yote hii," alisema.

Dionisi akapuliza makaa, ingawa hakukuwa na chuma motoni.

Jumatano Bwana Mkubwa, Mdachi mkuu wa wilaya, alivuka mto kwa mtumbwi kutoka upande wa Mahenge. Dionisi alipangusa viatu, maana alitumaini kusifiwa. Bwana Mkubwa aliisikiliza ile bunduki kwa muda wa kumaliza kiko kimoja. Hakukasirika. Alisema sheria ilikuwa njema, ila Kiswahili kimeiharibu, na sasa itaimarishwa. Kifungu cha kwanza kitasomeka: kila bunduki, isipokuwa za serikali. Kifungu cha pili hakitaguswa, kwa sababu serikali inaheshimu haki, na magobori yote yabaki mikononi mwa wenyewe. Lakini kifungu hicho hakikutaja baruti. Basi baruti yote ipelekwe bomani.

Dionisi alifasiri hayo yote akiwa amesimama wima, kwa sauti nzuri. Mzee Marselino akaomba aulizwe Bwana Mkubwa, gobori bila baruti ni kitu gani.

Jibu lilikuja fupi. "Ni mali," Dionisi alifasiri.

Kisha akajikaza, akaomba ruhusa ya kumfuta mamba kitabuni. Akajibiwa kwamba kitabu cha mwaka ule kimefungwa na nakala yake imeshapelekwa Dar es Salaam. Ombasha Farajala akahamishiwa Iringa pamoja na bunduki yake, mtutu umezibwa kwa kitambaa. Haikusaidia sana. Alipopita Kiberege watu waliweka majembe chini, wakasikiliza mpaka akatokomea, wakayaokota majembe.

Dionisi alifikiri kuacha kazi. Alifikiri kwa alasiri nzima, kwa dhati, mpaka mvua iliponyesha akaona chumba chake cha bomani hakivuji. Hata hivyo, kila alipotoka kazini alikwenda shambani kwa Kandida kupiga debe kuwafukuza nguruwe. Kandida hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alimwonyesha dungu la mbali la kulindia mpunga, lile lenye siafu, naye akapanda.

Nguruwe waliendelea kuja. Kandida aliwaelekezea gobori kwa mazoea, nalo likawatajia nguruwe ishirini na mmoja. Wakainua vichwa, wakasikiliza hadi mwisho kama watu wanaopata habari za ndugu, kisha wakaendelea kula. Mwaka ule shamba lililokuwa likitoa magunia saba lilitoa vikapu viwili.

Siku ya kupepeta, Dionisi alifika na barua ya Bwana Mkubwa, iliyotakiwa kusomwa kwa kila mwenye gobori. Ilisema kwamba msimu mzima haukusikika mlio hata mmoja wa bunduki ya raia bondeni, na kwamba sheria imefaulu.

Kandida alimtaka arudie neno la mwisho. Dionisi akarudia. Akaeleza, kwa kuwa hakuweza kujizuia, kwamba angeweza pia kuandika "imefanikiwa."

Kandida akamkabidhi ungo, akamwambia aanze na kikapu kile chenye mawe.