Mwani wa Asmaa

Mwaka ule chaza walikataa kukua. Bi Tima na wanawake wenzake wa Mbwajumali waliwafuga ndani ya vikapu vya nyavu, vikaning'inizwa kwenye miti iliyochomekwa horini, pale maji ya bahari yanapoingia na kutoka. Msimu wa kwanza walivuna chaza wakubwa, wanono. Msimu huu walipowapasua walikuta nyama kidogo, nyembamba, iliyoingia rangi ya kijani. Mpishi wa hoteli moja kisiwani Lamu aliwarudisha wote bila hata kuwaonja.

Maneno yakaanza kijijini. Wavuvi walisema wanawake wamejaza vikapu kupita kiasi, chaza wananyang'anyana chakula. Bwana Shuaib, mwenyekiti wa wavuvi, akatangaza kwamba kwenye mkutano ujao ataomba vikapu ving'olewe, mashua zipate kupita kwa nafasi.

Asmaa, binti wa Bi Tima, alikuwa amerudi kutoka Mombasa kumalizia utafiti wake wa chuo kikuu. Somo lake lilikuwa mwani. Si ule unaookotwa ufukweni, bali ule mdogo kabisa unaoelea majini kwa mamilioni, usioonekana ila kwa hadubini. Huo ndio chakula cha chaza. Basi akachota maji ya hori, akayatia chini ya hadubini aliyoazimwa na chuo, akatazama kwa muda mrefu. Mwani ulikuwa haba. Na huo uliokuwepo ulikuwa umevimba, kijani chake kimepauka kama kanga iliyosahauliwa juani.

Akapeleka chupa za maji Mombasa. Siku chache baadaye mwalimu wake, Kiptoo, akampigia simu.

"Ni shaba, Asmaa. Shaba nyingi, na zinki pia. Huko kwenu kuna kiwanda?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi kuna kitu kingine. Tafuta."

Hakuhitaji kutafuta. Aliposimama mlangoni kwao aliona kichwa cha hori, na kwenye kichwa cha hori palikuwa na karakana ya baba yake.

Baba yake, Bwanamkuu, alikuwa fundi wa mashua, mwana wa fundi na mjukuu wa fundi. Zamani matumbo ya vyombo yalipakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta, ili wadudu wa baharini wasiyale. Miaka hii wenye mashua za injini walitaka rangi nyekundu ya dukani, kwa sababu inadumu. Inadumu kwa kuwa ina shaba ndani yake, na shaba haimwachi kiumbe ashike ubao. Kila mashua iliporudi kupakwa upya, rangi ya zamani ilikwanguliwa papo hapo mchangani. Maji yalipojaa, yaliuchukua ule unga mwekundu na kuuingiza horini.

Asmaa alikaa na jambo hilo moyoni. Mwishowe, baada ya sala ya alasiri, alimfuata baba yake barazani alipokuwa akinywa kahawa.

"Baba, nina neno. Si jepesi."

"Sema, mwanangu."

Akamweleza yote: mwani, shaba, unga wa rangi. Bwanamkuu akaweka kikombe chini polepole.

"Rangi yangu mimi?"

"Rangi ya dukani, baba. Wewe ungejuaje kilichomo?"

"Vyombo vyangu vimefika Kiunga, vimefika Mombasa. Hakuna aliyerudi kunilaumu."

"Vyombo havina kasoro. Kila mtu anajua. Ni unga unaobaki nyuma."

Bwanamkuu alijikuna kiganja kilichochubuka kwa tezo, chombo chake cha kuchongea mbao. Bi Tima alikuwa ameganda mlangoni, haingii wala hatoki.

"Mimi ni fundi," Bwanamkuu akasema hatimaye. "Mtu haniambii ubao umeoza mpaka niugonge mwenyewe. Mambo haya nataka kuyaona kwa mato yangu."

"Utayaona," Asmaa akajibu. "Na maji utayachota wewe."

Kesho yake walitoka pamoja kwa mashua hadi nje ya mwamba, Bwanamkuu akajaza chupa mbili za maji safi ya bahari kuu. Ya tatu aliijaza horini, hatua chache kutoka karakana. Kisha Asmaa akampa kisu.

"Sasa kwangua kidogo rangi ya mashua uliyoimaliza juzi. Tia ndani ya hii moja ya bahari kuu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole."

Akatia kwa mkono wake. Asmaa akaongeza kwenye kila chupa kipimo kilekile cha mwani aliokuwa ameukuza nyumbani, wakazipanga dirishani penye mwanga.

Kila alfajiri akitoka msikitini, Bwanamkuu alianzia dirishani kabla ya chai. Chupa ya bahari kuu ilianza kugeuka kijani, ikakolea siku hata siku. Ya hori ilibaki na kijani cha mashaka, ikapauka. Ile aliyotia rangi kwa mkono wake ikawa nyeupe kabisa, mwani umekufa na kulala chini kama vumbi. Alikuwa akiinyanyua, akiitazama kwenye mwanga, akiirudisha.

Siku ya mkutano watu walikaa kivulini ufukweni, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Shuaib alipofikia neno la vikapu, Bwanamkuu akasimama. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa, na chini ya kwapa alibeba chupa tatu.

"Bwana mwenyekiti, wanawake hawa hawana kosa. Kosa ni rangi yangu."

Watu wakaguna. Shuaib akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Fundi, rangi na chaza wapi na wapi?"

Bwanamkuu akazipanga chupa juu ya ubao na kueleza, moja baada ya moja, mpaka akafika ile nyeupe. "Hii nimeiua mimi. Nimetia rangi kwa vidole hivi. Chaza wa mke wangu wamekuwa wakila hiki."

"Na nani kakwambia yote haya?"

"Mwanangu Asmaa." Akageuka upande wa wanawake, akamtafuta kwa macho hadi akampata. "Angeweza kuninyamazia, mimi ni babake. Hakuninyamazia. Nami mbele yenu nasema: nimefundishwa na binti yangu, na sijapata kuona fahari kama ya leo."

Bi Tima alijifunika uso kwa ukingo wa buibui. Asmaa alijaribu kumtazama baba yake, akashindwa. Mtu mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakafuata, hata Shuaib akasahau kikao kilikuwa kinahusu nini.

Vikapu vilibaki. Karakana ilihamishwa juu, mbali na maji, na kila mashua sasa hukwanguliwa juu ya turubai, unga ukakusanywa na kufungwa ndani ya madebe. Baadhi ya wateja hawakupenda usumbufu huo, wakapeleka vyombo vyao kwingine. Wengine walikubali kurudia deheni. Tope la pale karakana ya zamani bado lina shaba, na Asmaa hawaruhusu wanawake kuweka kikapu karibu nalo. Lakini upande wa mdomo wa hori, baada ya masika, mwani ulirudi, na chaza wakaanza kujaa ndani ya maganda yao.

Juzi nahodha mmoja kutoka Wiyoni alileta mashua, akauliza turubai lote hili la nini. Asmaa alikuwa nyuma ya ukuta akiosha chupa. Alimsikia baba yake akivuta kigoda.

"Kaa, bwana. Kuna mmea mdogo, mdogo kuliko chembe ya chumvi. Usipokuwepo huo, bahari yote haina chakula. Sasa sikiliza shaba inavyoufanya..."

Alikosea mahali pawili, na mmea ni mdogo zaidi ya alivyosema. Asmaa akaacha kuosha, akasikiliza mpaka mwisho.